Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Hospitali ya Endell Street

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoagiza, nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika yote isipokuwa wa Agosti, tulishiriki misiba mitatu na harusi moja, tulipokea wanachama wapya wanne, na mwenzetu mmoja amehama London. Hayo mnayajua na kumbukumbu zake anazo katibu, kwa hiyo sitawachosha nayo.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kamati wa mwezi Machi wa kutofanya sherehe ya mwisho wa mwaka, na fedha zake kuzielekeza kwenye uchapaji wa kijitabu cha Kiswahili kuhusu hospitali ya jeshi iliyokuwa mtaa wa Endell Street, hapa hapa London, tangu 1915 hadi 1919. Uamuzi huo ulipitishwa kwa kura 5 dhidi ya 3. Imesemwa kwamba mwenyekiti alijiamulia peke yake, na maneno hayo yamenifikia kutoka kwa watu ambao hawakuwapo kikaoni. Muhtasari wa kikao upo na kila mwanachama ana haki ya kuusoma. Ni kweli kwamba pendekezo lilikuwa langu, kwamba Jumamosi saba nilizitumia maktaba, na kwamba rasimu ya kwanza niliiandika kwa mkono wangu baada ya zamu za usiku. Hayo sikuyaficha wakati ule na siyafichi leo.

Sisi tulio wengi katika chama hiki ni wauguzi, wakunga na wahudumu wa wodi. Nilipogundua kwamba mwendo wa dakika chache kutoka Covent Garden palikuwa na hospitali kubwa ya jeshi iliyoendeshwa na wanawake, kuanzia daktari mkuu hadi mbeba machela, na kwamba miaka yangu yote ya kazi katika mji huu sikuwahi kuisikia ikitajwa, niliona ni aibu kukaa kimya.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, Dkt. Flora Murray na Dkt. Louisa Garrett Anderson walikuwa madaktari wazoefu, lakini katika Uingereza ya siku hizo daktari mwanamke aliachiwa wanawake na watoto tu. Wote wawili walikuwa katika harakati za kudai haki ya wanawake kupiga kura, na Anderson alikuwa amefungwa katika gereza la Holloway mwaka 1912 kwa kuvunja kioo cha dirisha. Walijua kwamba wakibisha hodi Wizara ya Vita ya nchi yao hawatafunguliwa, kwa hiyo wakaenda kwa Wafaransa. Kufikia Septemba walikuwa Paris, katika hoteli ya Claridge, ambamo kumbi za wageni ziligeuzwa kuwa wodi na chumba cha wanawake cha kuwekea makoti kikawa chumba cha upasuaji. Habari za kazi yao zilimfikia Sir Alfred Keogh, mkuu wa huduma za tiba za jeshi la Uingereza, naye mapema mwaka 1915 akawakabidhi hospitali mjini London. Jeshi lililokuwa halina nafasi yao likawafuata lenyewe.

Jengo walilopewa lilikuwa makazi ya zamani ya mafukara, lenye uwa wa mawe katikati, na lilifunguliwa Mei 1915. Vitanda vilifikia 573. Wapo maofisa waliotabiri kwamba miezi 6 haitapita kabla halijafungwa. Lilidumu zaidi ya miaka minne, likapokea wagonjwa wapatao 26,000, na upasuaji uliofanyika humo ulizidi 7,000. Murray alikuwa daktari mkuu, Anderson akawa mpasuaji mkuu, na kaulimbiu waliyoichukua kutoka kwenye harakati zao za kura ilikuwa "vitendo, si maneno". Majeruhi waliletwa mara nyingi usiku. Kengele ya uani ikilia, wasichana waliokuwa wamelala waliruka vitandani, wakavaa sare, wakashuka kushusha machela kutoka kwenye magari, na watu waliokuwa bado na tope la mahandaki kwenye nguo wakapelekwa wodini.

Sehemu ninayowaomba muisome polepole ni ile ya marhamu ya vidonda. Majeraha ya vita ile yaliingia udongo na vipande vya nguo, yakaoza, na viuavijasumu havikuwa vimepatikana. Profesa Rutherford Morison wa Newcastle alitengeneza mchanganyiko wa bismuti, iodofomu na parafini, na kuanzia Julai 1916 Anderson akaujaribu Endell Street pamoja na Dkt. Helen Chambers, aliyesimamia maabara. Kidonda kilipasuliwa, kikasafishwa, kikapanguswa kwa spiriti, kisha marhamu hiyo ikapakwa kwa wembamba na kidonda kikafungwa. Kilichofuata ndicho kilichoubadilisha uuguzi wenyewe: bandeji iliyokuwa ikibadilishwa mara kadhaa kwa siku sasa iliweza kukaa siku nyingi bila kuguswa. Kila mmoja wetu aliyewahi kubandua bandeji iliyogandamana na nyama, huku mgonjwa amekamata chuma cha kitanda na amegeuzia uso ukutani, anajua maana ya kumpunguzia mtu mateso hayo hata kwa siku moja. Matokeo waliyachapisha katika jarida la udaktari la Lancet. Mimi nimefunga vidonda kwa miaka 22, na ukurasa huo niliusoma mara tatu.

Hoja nzito iliyotolewa dhidi ya kijitabu ilikuwa kwamba katika miaka ile ile babu zetu walikuwa wakibebeshwa mizigo ya vita hivyo hivyo katika Afrika Mashariki, kwamba jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na kwamba fedha za wanachama zingeanzia huko. Hoja hiyo naiheshimu na sina la kuipinga. Ninachosema ni kwamba aliyeitoa aliombwa aandike kurasa kumi tu za habari hizo tuziingize katika kijitabu, tukasubiri tangu Aprili hadi Juni, na hatukupata hata ukurasa mmoja.

Wengine walisema habari hizi ni za sifa tupu kwa watu waliokwisha kufa. Waliosema hivyo hawajafika sura ya mwisho. Madaktari wale walilipwa mshahara sawa na wanaume wa daraja lao, lakini cheo chenyewe cha kijeshi hawakupewa. Vita vilipokwisha hospitali ilifungwa, wengi wao wakarudishwa kutibu wanawake na watoto, na vyuo kadhaa vya udaktari vya London vilivyokuwa vimewafungulia wanawake milango wakati wa shida vikaifunga tena katika miaka ya 1920. Murray aliandika mwenyewe historia ya hospitali yao mwaka 1920, akafariki 1923. Kama asingeandika, tungekuwa na kipi cha kutafsiri? Kwa sababu hiyo nililisimamia jambo hili, na lingeletwa tena kwangu ningelipigia kura ile ile.

Sasa mahudhurio. Ziara ya Endell Street ilitangazwa wiki sita kabla, na siku yake ikasogezwa mara mbili kwa maombi ya wanachama wenyewe. Chama kina wanachama 64. Tulifika 9, pamoja na watoto wawili. Jengo la zamani halipo, pamejengwa nyumba za kukaa watu, na kilichobaki ni kibao cha kumbukumbu ukutani. Tulikisoma kwa sauti mvuani na mama mmoja mstaafu, mkubwa kuliko sisi sote, aliyekuwa amepanda mabasi matatu kufika, akakipangusa maji kwa mtandio wake ili watoto waone herufi. Namshukuru sana mama yetu huyo. Wale waliothibitisha kuja na hawakuja, na hata ujumbe wa udhuru hawakutuma, nawaomba watambue kwamba viburudisho vilinunuliwa kwa hesabu ya watu 30.

Kuhusu fedha: tulianza mwaka na pauni 315. Ada ya pauni 40 imelipwa na wanachama 27, yaani pauni 1,080, jumla 1,395. Uchapaji wa nakala 300 ulichukua 640, ukumbi 360, rambirambi 200 na viburudisho 85, kwa hiyo zimetumika 1,285 na zimebaki 110. Wanachama 37 hawajalipa, na deni lao ni pauni 1,480, fedha ambazo zingetosha sherehe na kijitabu kwa pamoja. Nasikitika kusema kwamba miongoni mwa waliolalamikia matumizi kwa sauti ya juu wamo ambao hawajachangia senti tangu mwaka juzi. Mchapaji naye alituchelewesha wiki tatu, na lawama zake pia zikaniangukia mimi.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, Mungu akipenda, kuandaa kitabu cha pili juu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, na huenda sherehe ikarudi kama ada zitaingia mapema. Lipo pia wazo la kukipeleka kijitabu kwa vyuo vya uuguzi nyumbani, ingawa namna ya kukisafirisha bado tunaitafuta. Nakala 112 zimechukuliwa. Zilizobaki, 188, ziko kwa mweka hazina, na kila mwanachama anastahili moja bila malipo, awe amelipa ada au hajalipa.

Naomba kuwasilisha.