Masharti ya masters yaandikwe kwenye tangazo

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mdogo wangu hapa Arua kauza ng'ombe wawili akasome masters, kafika chuoni Kampala (silitaji jina) na transkripti yake ya Kongo kaifunga kwenye nailoni isilowe, ndo anaambiwa lazima kwanza NCHE, yaani baraza la taifa la elimu ya juu la Uganda, iilinganishe na za hapa, na maombi yanafungwa baada ya siku tatu! Mbona tangazo halikusema? Tena hakuna aliyemweleza kwamba kuna plani A ya masomo na tasnifu na plani B ya masomo na mradi, kama ilivyo Makerere, na kwa mtu anayefanya kazi kutwa hiyo tofauti ni kubwa mno. Jamani semeni kabla hatujalipia fomu.

Msomaji, Arua