Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nakuru: bango la daktari lituambie pia usiku twende wapi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Njoro. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mume wangu, ambaye hapa nitamwita Mzee kama nimwitavyo nyumbani, alisaga mahindi ya watu katika poshomili yake kwa miaka 22. Wateja walizoea kumtania kwamba anaingia asubuhi kijana na kutoka jioni babu, maana hata kope zilikuwa nyeupe. Tulicheka sana. Hakuna aliyewaza kwamba unga ulioonekana kwenye kope ulikuwa umefika na kwingine.

Sikuandikii kumshtaki daktari. Daktari wa mapafu anayemtibu Mzee ni daktari wa kweli, nimehakikisha mwenyewe, na nitakueleza nilivyohakikisha. Ninaomba karatasi moja tu ukutani. Lakini ukilisikia ombi bila kisa utaniona mwanamke wa makaratasi, na walimu tumeshasemwa vya kutosha kwa hilo.

Kikohozi cha Mzee kilianza kama vikohozi vyote. Duka la dawa, dawa ya chupa, nafuu siku tatu, halafu yaleyale. Alipimwa makohozi kwa ajili ya TB mara mbili, hakuna kitu. Ikafika mahali akawa anapanda ngazi za kanisa, zenyewe tatu tu, anasimama katikati kujifanya anasalimia watu. Mke hadanganyiki na salamu za namna hiyo.

Jirani akatuelekeza kliniki moja mjini. Nje palikuwa na bango kubwa: jina la daktari, MBChB, MMed, kisha “Bingwa wa Mapafu, Pumu na TB”, na chini kwa herufi ndogo nyekundu, hospitali tatu anakolaza wagonjwa wake. Nililisoma lote nikiwa juani, Mzee ameketi kwenye ukingo wa mtaro akitafuta pumzi. Zile hospitali tatu ndizo zilizonituliza. Nilijiambia mtu aliyefunguliwa mlango na hospitali tatu si wa kubahatisha.

Ndani nikaona cheti kwenye fremu, nacho kimetolewa na Bodi. Moyo ukapiga, kwa sababu nilikuwa nimesikia redioni wakisema Baraza, si Bodi. Nikamtumia binti yangu ujumbe chini ya mkoba kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Akanijibu kwamba Bodi ya madaktari iligeuzwa kuwa Baraza mwaka 2019, hivyo cheti cha kabla ya hapo lazima kiwe na jina la zamani. Angekuwa na cheti cha miaka ya nyuma chenye jina jipya, hapo ndipo ningepaswa kukimbia.

Binti huyohuyo alinionyesha jinsi ya kuangalia sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno kwenye simu. Unaandika jina, linakuja. Nimeshawafundisha nusu ya akina mama wa chama chetu, na nitasema kidogo hapa kwa faida ya wengine wanaosoma barua hii juu ya bega lako. MBChB ni shahada ya kwanza. Kila daktari aliyesomea hapa nchini anayo, awe wa macho au wa mifupa. MMed ni ya pili, inamfanya bingwa wa fani fulani, mara nyingi magonjwa ya ndani kwa ujumla. Wa mapafu hasa anatakiwa kuendelea mbele ya hapo, miaka mingine ya kusomea kifua peke yake, ndiyo maana ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi. Tena kusajiliwa ni mara moja, lakini leseni ya kutibu ni ya mwaka mmoja mmoja na hufa Desemba 31. Kliniki nayo ina leseni yake mbali na ya daktari. Kwa hiyo cheti kilichopauka kwenye fremu ya dhahabu kinaweza kuwa cha kweli kabisa na bado kisikwambie kama mwenyewe ana ruhusa ya kukutibu leo.

Daktari wetu alikuwa nazo zote. Jina, ubingwa, leseni ya mwaka. Nikashukuru.

Na kazi anaijua. Alimtuma Mzee chumba cha pili kupuliza mashine. Kama hujawahi kuiona, Mheshimiwa, ni kitu cha kuchekesha na kutisha pamoja. Wanambana mtu pua kwa kibanio, anaweka mdomo kwenye mrija, kisha muuguzi anapiga kelele kama kocha wa mpira: vuta yote, vuta, sasa puliza! Puliza, puliza, puliza, usiache! Mzee akapuliza hadi mishipa ya shingo ikasimama. Kwenye kioo mstari ulipanda kidogo, ukalala. Mara tatu. Wakampa dawa ya kuvuta, tukangoja robo saa, akapuliza tena. Daktari akatueleza taratibu, kwa Kiswahili, akichora kwenye kisanduku cha dawa: hewa ambayo mtu mzima wa afya hutoa katika sekunde ya kwanza inatakiwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya hewa yote anayoitoa, ya Mzee ilikuwa chini ya hapo, na hata baada ya dawa haikurudi. Si pumu, akasema. Ni ule ugonjwa sugu wa mapafu wanaouandika COPD. Sigara za ujana zilianza, vumbi la poshomili likamalizia. Haukomi, lakini unatunzika.

Tulirudi nyumbani na inhela mbili na matumaini. Ile karatasi yenye mistari ya mashine niliikunja nikaiweka kabatini chini ya mashuka, ninakoweka hati ya shamba. Kumbuka mahali hapo.

Ulikuwa usiku wa Jumamosi, mwezi wa Julai, na baridi ya Njoro mwezi huo unaijua. Saa saba nikaamshwa na kitanda kutikisika. Mzee ameketi ukingoni, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda hadi masikioni. Akasema, “Mama… dirisha.” Maneno mawili, katikati yake pumzi nne. Inhela haikusaidia. Jirani akawasha Probox yake tukashuka mjini, kilomita kama 20, nikipiga simu ya kliniki ambayo huzimwa saa kumi na moja jioni.

Katika hospitali ya kwanza kwenye orodha ya bango, mlinzi alimulika tochi, akasikia jina la daktari, akashangaa: “Huyo? Aliacha kuja hapa tangu mwaka juzi.” Ya pili wakasema huja, ndiyo, lakini kuona wagonjwa wa nje tu, halazi mtu pale. Sasa naomba nieleweke, maana hapa kosa ni langu pia. Hakuna aliyetufukuza. Najua Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura, na wale wote walikuwa tayari kumpokea. Ni mimi niliyekataa ashuke. Nilitaka daktari wake. Nilikuwa nimeliamini bango, na kwa kuliamini nilimzungusha mume wangu mjini dakika 40 akiwa anakosa hewa.

Hospitali ya tatu jina walilijua. Yuko Nairobi, wakasema, huja Jumanne na Ijumaa. Nani hushika nafasi yake siku nyingine? Wakatazamana.

Aliyempokea Mzee alikuwa afisa wa kliniki, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Huku kwetu kila avaaye koti jeupe ni daktari, na nadhani yeye ameacha zamani kusahihisha watu. Akauliza ugonjwa gani, anatibiwa na nani, vipimo viko wapi. Vipimo viko Njoro, chini ya mashuka. Akambana Mzee kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni ya damu, ikasoma asilimia 79. Muuguzi akawa anafungua oksijeni kwa nguvu, kijana akamzuia mkono. “Mzee alikuwa anafanya kazi gani?” Nikasema poshomili. Sigara? Nikasema aliacha. Akapunguza oksijeni, akamwekea dawa ya mvuke usoni, akavuta kiti akaketi kumtazama.

Jumanne daktari bingwa alipofika ndipo nilipoelewa yule kijana alifanya nini. Mgonjwa wa namna hii hapewi oksijeni kama maji ya bomba. Kwenye kifaa kile cha kidole inalengwa asilimia 88 hadi 92 basi, kwa sababu ikizidishwa hewa chafu hujikusanya kwenye damu, mtu akasinzia usingizi ambao watu hudhani ni nafuu. Kijana hakuwa na karatasi yetu wala namba ya daktari. Alikisia kutokana na neno poshomili. Ningemwambia Mzee alikuwa karani, sijui.

Nilimuuliza daktari kuhusu zile herufi nyekundu. Hakukasirika, aliona haya. Bango lilichorwa alipoanza kuja Nakuru, akasema, na tangu hapo mambo yamebadilika: hospitali moja mkataba uliisha, nyingine ilibadilisha utaratibu. Halafu SHA, bima mpya ya afya ya taifa, ikachukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kila mtu, daktari kwa mgonjwa, akaanza kujifunza upya nani anapokewa wapi. Bango likabaki vilevile. Mchoraji hulipwa mara moja.

Hiyo ndiyo shida yangu, Mheshimiwa. Sote tunaogopa daktari wa bandia, na tuna haki ya kuogopa. Lakini daktari wa bandia nimeweza kumchunguza kwa simu, kwa vidole vyangu vya kizee. Kile ambacho sikuweza kukiona popote ni kama yule wa kweli ana kitanda katika mji huu, na usiku nani anakijua kifua cha mume wangu. Kwa mgonjwa wa ngozi huenda si neno. Wa mapafu huzidiwa usiku, tena wakati wa baridi, tena ghafla.

Na wa mapafu tuko wengi. Jina Nakuru lenyewe, wasemavyo, Wamaasai walimaanisha mahali pa vumbi. Kuna wanaoishi na moshi wa jaa la Gioto pale upande wa Menengai. Kuna waliochimba ule udongo mweupe wa Kariandusi, mwepesi kama poda. Kuna wapasua mawe, na mama zetu waliopika kwa kuni miaka 50 na hawajashika sigara hata siku moja. Sitaki kusema mengi hapa, wewe unawajua kuliko mimi.

Kusajili madaktari si kazi ya kaunti, najua, ni ya Baraza. Lakini kliniki zinalipia vibali vya biashara hapa, na mabango yanalipiwa hapa, kila mwaka. Naomba mtu anapokuja kulipia, aulizwe karatasi moja, iwe na tarehe, ibandikwe pale tunapongojea, kwa Kiswahili na kwa herufi ambazo mtu wa miaka 70 anazisoma bila miwani. Jina la daktari na namba yake ya usajili. Ubingwa uliotambuliwa na Baraza, si ule uliotungwa na mchora mabango. Leseni ya mwaka huu. Siku anazokuwapo. Hospitali anazolaza wagonjwa sasa, nasisitiza neno sasa, na jina la mwenzake anayeshika zamu asipokuwapo. Simdai daktari alale Nakuru. Nairobi ni kilomita 160, na afadhali anayekuja mara mbili kwa wiki kuliko asiyekuja kabisa. Aseme tu.

Wengine wataniambia madaktari wataona ni usumbufu na wachache tulio nao watahama. Sioni. Niliyemuuliza alisema angeijaza kwa dakika tano, na akaongeza kwamba yeye mwenyewe huchoka kupigiwa simu na hospitali ambayo hajakanyaga mwaka mzima.

Nimekwisha kuandika mfano, kwa kalamu ya wino mzito, nyuma ya kalenda. Mstari wa mwisho nimeuongeza kwa hiari yangu: “Ukizidiwa usiku usinitafute mimi. Nenda hospitali iliyo karibu, na uwape karatasi ya vipimo.” Yetu siku hizi inaning'inia kwenye msumari kando ya mlango, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na tochi.

Mzee anarudi kliniki Jumanne. Nitakwenda na ile kalenda, na gundi.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Njoro