Babu Kombo hakuzama

Jang'ombe, Unguja

Shoga yangu Time,

Assalaam alaykum. Najua umeninunia na haki unayo. Tangu Iddi sijakupigia, na ile doti ya kanga za mama yako bado imo sandukuni kwangu. Huku hatujambo, joto tu. Raya kajifungua mtoto wa kiume. Mengine ya Raya hayaandikiki, tukionana. Leo nna jambo jengine, na naliandika kwa sababu kwenye simu Bibi husikia kila kitu. Uziwi wake ni wa akiitwa kunywa dawa tu.

Unamkumbuka Babu Kombo, yule wa khitma? Pilau yake umekula miaka mingapi! Baba yake babu yangu, mvuvi wa Kojani, alikwenda dago, kambi ya wavuvi, akazama, bahari haikurudisha hata kofia. Ndivyo tulivyolelewa. Aliyekufa maji ni shahidi, husema Bibi, basi hatumlilii.

Hakuzama.

Mwezi uliopita yule mtoto wa mjomba alinituma Nyaraka, pale Kilimani, nimtafutie hati ya shamba la mikarafuu, unaijua kesi yao isiyokwisha. Kalamu ya wino nikaambiwa niiache nje, nikapewa ya risasi. Hati sijaiona mpaka leo. Ila katika mafaili niliyoletewa limo moja la afya la Pemba, na mie mpekuzi. Ndani mna orodha ya wagonjwa. Nikawa nasoma majina vivi hivi, kama mtu asomavyo majina ya kanga za wenzake arusini. Mara: Combo, kwa C ya Kizungu. Jina la baba yake. Kojani. Kazi, mvuvi. Kaingia 1925. Pembeni, kwa mwandiko mwengine na wino uliogeuka rangi ya chai: kafariki, Machi 1931.

Orodha ya Funzi, Time. Kisiwa walikotengwa wenye matana, ndio ukoma.

Kojani mashariki, Funzi magharibi, Pemba tu katikati. Miaka sita yu hai kule, na kwao kishasomewa khitma. Enzi hizo dawa ilikuwa sindano za mafuta ya chaulmoogra, zinauma na haziponyi. Leo mtu humeza vidonge miezi sita, aliyeenea sana kumi na mbili, bure, kisha anakwenda zake sokoni. Nilitoka pale nikanunua urojo nikashindwa kuumaliza, na unanijua mie na urojo.

Sasa njoo kwenye hesabu. Mkewe Babu Kombo aliolewa tena. Bibi, nduguye babu kwa mama, ndiye kitinda mimba wa ndoa hiyo ya pili, na kaka yake mkubwa, Mungu amrehemu, cheti chake kinasema kazaliwa 1928. Umenipata? 1928, na yule wa kwanza yupo Funzi anahesabu mashua. Usiku huo sikulala. Nikamwendea maalim wetu wa chuoni, nikamfumbia kama ni habari ya watu wengine. Akasema kwa madhehebu yetu ya Shafii jedhamu, ndiyo hayo matana, ni sababu ya faskhi: mke huenda kwa kadhi, ndoa ikavunjwa, akakaa eda, akaolewa. Basi huenda hapana haramu hapo, pana kadhi na siri. Roho ikatua. Lakini ikiwa ni faskhi, basi alijua! Alijua yuko wapi, na kila mwaka akampikia pilau ya aliyezama. Na kama hakujua, kama ni mashemeji waliokuja na hadithi ya dago... hapo ndipo nnapozunguka tangu siku ile.

Juzi nikajaribu. Bibi yuko barazani na ungo, anachagua mchele. Nikasema kama mzaha, "Bibi, hivi Funzi kuna nini?" Mkono ukasimama. Chuya imo baina ya vidole, haitupi wala hairudishi. "Nani kakutajia Funzi?" Nikasema nimesikia redioni. "Redio," akasema, akaitupa ile chuya, "iambie ije inichagulie mchele." Hakunisemesha tena mpaka Magharibi.

Kwa hiyo kitu anakijua. Kiasi gani, ndiyo siwezi kumuuliza.

Nakuomba, bi mkubwa wenu wa Kojani, yule asiyesahau deni, umwendee na ndizi au samli ukae naye, umpeleke polepole kwenye wavuvi wa zamani. Jina usilitaje mwanzo. Na wavuvi wa hapo Wete wanaopita Funzi, waulize kama makaburi yapo, yana mawe au yamekwisha kuliwa na majani. Nauli ya mashua ntakutumia, usinifanyie ukarimu.

Khitma ni Rajabu, kilo kumi za mchele zishanunuliwa. Nimwambie maalim amtaje kama marehemu tu, lile la kuzama aliache? Bibi hatolisikia? Au nisubiri mpaka nirudi Kilimani nitafute vitabu vya kadhi? Ungekuwa wewe ungemwambia? Na wewe, tuseme kweli, kwenu Pemba mlikuwa mnajua, tukaachwa sie wa Unguja tunakula pilau?

Kanga nimpe nani azilete?

Wako,
Mize