Kwa walimu na wazazi wa darasa la muziki hapa Luanda, Vihiga

Wanangu walimu, nanyi wazazi mnaowaleta watoto,

Natumai hamjambo. Jioni nikienda kuchukua maziwa napita chini ya dirisha lenu, na nasikia skeli ya C, ile ngazi ya noti, ikipanda, ikishuka, ikipanda tena. Nafurahi. Enzi zetu aliyetaka kinanda alimbembeleza mwalimu wa kwaya, na aliyetaka gitaa aliiba kwa macho. Leo mtoto wa Luanda ana mwalimu wake, kiti chake na saa yake. Hilo si jambo dogo, na aliyelianzisha nampa heko.

Ila kuna kitu kinanikera, na umri wangu unaniruhusu kukisema: hapo dirishani ni nadra kusikia wimbo ukifika mwisho. Na nadra zaidi kusikia watu wawili wakipiga pamoja.

Najua chanzo chake. Mtoto anaandaliwa mtihani wa gredi, ile mitihani inayotoka London. Anatakiwa vipande vitatu, skeli, kusoma noti papo hapo na zoezi la sikio. Basi mwaka mzima anasugua vipande vitatu. Anapita, cheti kinawekwa fremu, mama anakipiga picha na kukitupia kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Kisha Desemba watu wanajaa bomani, nyanya anafikisha miaka themanini, mtoto wa gredi ya tatu anaombwa awapigie wimbo mmoja waimbe. Anatazama chini. Hajafundishwa. Ana vipande vitatu, na hakuna mtu hapo anayeweza kuviimba.

Sisemi mtupe mitihani. Mtoto atakayetaka kusomea muziki pale Maseno au kwingineko atahitaji kusoma noti, na kusoma noti kunafundishwa mapema. Mimi mwenyewe nimepeleka kwaya nyingi za shule kwenye tamasha za muziki, najua utamu wa kushinda. Ninachosema ni kwamba cheti kifuate furaha, kisiitangulie.

Tazameni muziki wa huku kwetu ulivyoundwa. Isukuti ya Waisukha na Waidakho ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Chukua ile ndogo peke yake ukaipige chumbani: utasikia kelele tu. Wimbo unapatikana ngoma zote tatu zikikutana na watu wakaanza kucheza. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu wapigaji wanazeeka na vijana hawashiki nafasi zao. Kijana haishiki ngoma kwa kusoma kitabu. Anaishika kwa kusimama karibu na wanaoipiga hadi siku mmoja wao anachoka na kumwachia.

Au tuje hapa hapa kwetu, kwenye gitaa la omutibo. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka wa 1963, alipiga kwa vidole viwili: dole gumba likitembeza besi kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kikiimba juu. Gitaa moja likasikika kama mawili. Lakini hata huyo hakuachwa peke yake, palikuwa na mtu wa chupa. Abana ba Nasery, vijana wa hapa Bunyore, walikuwa watatu: Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, Enos Okola kwenye chupa ya Fanta. Chupa yenyewe ni ile ya zamani yenye mikunjo. Unaishika kwa mkono mmoja, unaikwaruza na kuigonga kwa kipande cha chuma, na ukikosea pigo moja wapiga gitaa wote wanakugeukia. Mtu wa chupa hakuwa mtu wa kujazia. Ndiye aliyebeba mwendo.

(Mtanijibu kwamba mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, ni bendi ya mtu mmoja: nyuzi nane, sauti yake mwenyewe, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mbao, njuga mguuni. Kweli. Lakini mpeleke apige mahali pasipo na watu wa kumjibu, muone atadumu nyimbo ngapi.)

Basi walimu, ushauri wangu ni huu. Siku ya kwanza kabisa mtoto asitoke hapo bila wimbo. Kodi mbili, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinatosha, na pambio za kanisani zinazoenda kwa kodi mbili mnazijua kuliko mimi. Akishindwa kubadilisha kodi, apige moja tu, mwenzake apige ile nyingine, mwalimu aimbe. Hapo wamepiga wimbo. Vidole vitauma, ndiyo, hasa kwenye yale magitaa ya bei nafuu ambayo nyuzi zimekaa juu mno. Zishusheni kabla hamjamlaumu mtoto kwamba hana bidii.

Kisha robo saa ya mwisho ya somo, fungueni milango ya vyumba vyote viwili. Anayemaliza na anayengoja wapige pamoja, hata kama mmoja ana kinanda na mwingine ana chupa. Na kile kidude cha kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe, kizimeni. Wengine wetu tumechoka kukisikia makanisani, na stima ikipotea mpigaji anabaki amekunja mikono ilhali kitoto chenye gitaa kinaendelea.

Wazazi, mtoto akirudi msimuulize yuko gredi gani. Mwambieni awapigie, kisha mkae mumsikilize mpaka mwisho, simu zikiwa mfukoni. Akikosea msicheke wala msimkatize. Mdogo wake mpeni chupa. Na lile gitaa lisifungiwe juu ya kabati kama sahani za wageni. Likae sebuleni, lishike vumbi, liangushwe hata. Linalovunjika hurekebishwa.

Tena msiwafungie mlango watu wazima. Yupo kijana wa bodaboda aliyeniambia aliona haya kuja kwa sababu darasa limejaa watoto wa shule. Mwekeeni saa yake ya usiku, alipe somo kwa somo kwa M-Pesa kadiri anavyopata. Huyo ndiye atakayepiga kwenye harusi zetu huku watoto wenu wakiwa vyuoni.

Nimalizie na ombi la Jumamosi. Badala ya tamasha la mwisho wa mwaka lenye hema na kadi za mwaliko, toeni viti barazani Jumamosi moja kila mwezi, alasiri, wapige walioanza juzi pamoja na waliobobea. Kusiwe na zawadi wala waamuzi. Viti visipotosha, kanisa lina mabenchi, lakini mwambieni mzee wa kanisa mapema, si Ijumaa usiku.

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa muziki