Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti: Dawa isitoke dirishani bila maelezo

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaikum. Nakuandikia kutoka kisiwani Pate, siku ya nne tangu nirudi na mwanangu kutoka hospitali. Nimeshasema na wahudumu, nimesema na kamati ya zahanati, nimesema na mwakilishi wa wadi. Wote wamenisikiliza kwa upole, na mambo yakaishia hapo. Sasa nimeona bora niseme nawe watu wote wakisikia.

Mwanangu ana miaka 3. Alishikwa na kikohozi, akawa anapumua mbiombio, nami niko Amu kikazi. Bibi yake akambeba hadi zahanati. Akapimwa, akaambiwa ni nimonia, akapewa chupa ya amoksilini ya unga, dawa ya antibiotiki. Pale dirishani maelezo yalikuwa: "Tia maji, umpe mara tatu." Juu ya chupa ikaandikwa kwa kalamu 5 x 3. Foleni ilikuwa ndefu, akaambiwa asogee.

Mamangu si mtu asiyejua kusoma. Herufi za Kiarabu anazisoma, na hizi za skuli anazisoma, mradi maneno yawe ya Kiswahili. Maandishi ya chupa ile yote ni Kiingereza. Hakujua kwamba mshale mdogo ubavuni ndio kikomo cha maji, wala kwamba maji yatakiwa yachemshwe kisha yapoe. Alichota maji ya jabia, birika letu la maji ya mvua, akajaza mpaka shingoni. Dawa ikawa nyepesi kuliko ilivyotakiwa, kila kijiko kikapungukiwa. Na kijiko chenyewe kilikuwa cha chai, cha jikoni, ambacho hakilingani na cha jirani sembuse na kipimo cha mililita 5. Friji hatuna, chupa ikakaa juu ya kabati chini ya bati la moto. Siku ya tatu mtoto akachangamka, akaitisha uji. Bibi akafunga kifuniko, akaiweka dawa iliyobaki ije imfae siku nyingine. Dawa ya unga ikishachanganywa ina siku zake, 7 au 14 kulingana na aina, kisha ni ya kumwagwa. Nani alimwambia hilo?

Siku ya sita homa ilirudi, na mara hii mbavu zilikuwa zikiingia ndani kwa kila pumzi. Nilikuwa nimesharejea. Ilikuwa usiku, na maji yalikuwa yametoka. Wewe waujua Mkanda, ule mlango wa bahari wa kwendea Amu, maji yakitoka, Mheshimiwa. Tulikaa ndani ya boti kungoja yajae, mtoto kifuani pangu, nikihesabu pumzi zake kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Boti ya kukodi tuliilipa kwa karo ya dada yake. Hospitali alichomwa sindano siku tano.

Mimi si daktari. Pengine ugonjwa ungerudi hata dawa ingetumika sawasawa. Lakini moyo wangu unaniambia chanzo ni chupa ile, na muuguzi aliyemhudumia alinifahamisha vizuri: dawa ikiwa pungufu, au ikikatizwa kabla ya siku alizoandika daktari, vijidudu dhaifu hufa na vile vikaidi hubaki vikazaana. Huo ndio usugu wa vijidudu kwa dawa. Mwaka 2019 pekee, usugu huu uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Nilikuwa nikiusikia kwenye redio kama jambo la watu wa mbali.

Na si kwangu tu. Mvuvi akikatwa na matumbawe hununua rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, mbili tu, moja akaimeza na nyingine akaifungua akamwagia unga kwenye kidonda. Mafua yakiingia kijijini kila nyumba inatafuta kapsuli, na mafua ni virusi, antibiotiki haiyagusi. Watu hawa si wajinga. Hawajaambiwa, basi.

Mheshimiwa, ulipokuja kwetu ulikaa chini ya mwarobaini mbele ya wazee ukaahidi kwamba kila zahanati ya visiwani itapata mtu wa dawa aliyesomea kazi hiyo. Wazee wawili kati ya waliokuitikia amina wameshafariki. Mtu wa dawa hatujamuona. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeweka zahanati na famasi za kaunti mikononi mwenu. Ibara ya 43 imetupa haki ya afya, na Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Iweje basi dawa ya mtoto wa Pate isiwe na neno moja la Kiswahili?

Kuna amoksilini ya vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika maji kidogo yaliyo safi au maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani limevipendekeza kwa nimonia ya watoto. Havitaki friji wala kutafuta mstari wa chupa. Kwa nini sisi wenye joto hili tuletewe chupa? Nadhani mwenye kuandika oda hajawahi kulala kisiwani.

Lakini hata vidonge hivyo vikichelewa, lile moja usilicheleweshe. Dawa isitoke dirishani kabla haijachanganywa na mhudumu mwenyewe, na kabla aliyeipokea hajaelezwa kwa Kiswahili, akaandikiwa kwa Kiswahili: kiasi gani, saa ngapi, siku ngapi, na akiona vipele au uvimbe wa uso akimbilie wapi. Karatasi moja na dakika tano. Nakuomba hilo, Mheshimiwa, nakuomba tena hilo.

Chupa ninayo bado, na maji ya jabia yamo ndani, yamepita mshale kwa vidole viwili. Jumatatu maji yakijaa nitapanda boti nije nayo ofisini kwako uione.

Wako,
Mama wa mtoto, Pate