Barua kwa Salim kuhusu prosesa ya mashine ya gemu

Magomeni, Dar es Salaam

Swahiba Salim,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako imenifurahisha mno. Mashine ya gemu tuliyokuwa tukiizungumza tangu tuko shule, leo unaichongesha kweli kwa fundi seremala! Sanduku la mbao, jostiki mbili, vitufe sita kila upande kama inavyotaka Street Fighter, na kompyuta ndani. Nimekuonea raha.

Sasa nije kwenye swali lako. Umesema muuzaji hapo Tanga anakushawishi uchukue FX-8350, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kampuni ya AMD, kwa sababu ina viini vinane, yaani sehemu nane za kufanya hesabu, na mwendo wa gigahezi 4, tena kwa bei ya chini. Nakuomba usiichukue. Si kwamba AMD ni wabaya, maana prosesa zao za Ryzen ni nzuri sana. Lakini FX-8350 ni ya mwaka 2012, na kiini chake kimoja kikiachwa kifanye kazi peke yake kina nguvu ndogo. Na kwa kazi unayoitaka, nguvu ya kiini kimoja ndiyo kila kitu.

Ngoja nikueleze kwa nini, ili kesho mtu mwingine asije akakubabaisha. MAME, programu aliyoianzisha Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, inaiga mashine nzima ya gemu, chipu kwa chipu. Chukua Street Fighter II ya mwaka 1991. Ndani ya mashine yake kulikuwa na prosesa ya Motorola 68000 ya megahezi 10, prosesa nyingine aina ya Z80 kwa ajili ya sauti, na chipu ya Yamaha ya kutoa muziki. Hizo zote zinapeana habari na kusubiriana mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Ukijaribu kuipa kila chipu kiini chake kwenye kompyuta yako, muda mwingi utaishia kwenye kusubiriana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi MAME huipitisha kwenye kiini kimoja. Ni ngalawa yenye kasia moja: hata ukipakia mabaharia wanane, saba watakaa wakimtazama mmoja anayepiga.

Halafu kuna suala la muda. Gemu hizi nyingi huonyesha picha karibu 60 kwa sekunde, maana yake kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kumaliza hesabu zote za picha moja. Ikichelewa, sauti ndiyo huanza kukwaruza, kisha jostiki inakuwa nzito mkononi, na kwa mtu aliyewahi kucheza mashine halisi, hapo ladha yote imekwisha. Mimi hilo siwezi kulivumilia, na najua wewe pia huwezi.

Na hizo gigahezi anazokutajia zisikutishe. Pentium 4, prosesa ya zamani ya kampuni ya Intel, ilifika gigahezi 3.8, lakini mwaka 2006 Intel hao hao walipotoa Core 2 Duo E6600 yenye gigahezi 2.4 tu, iliiacha mbali. Gigahezi hulinganishwa ndani ya familia moja ya prosesa. Ukivuka kwenda familia nyingine, uliza kwanza kiini kimoja kinafanya kazi kiasi gani ndani ya kila gigahezi hiyo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, kaa na watoto muandike orodha ya gemu mnazozitaka kweli. Orodha hiyo ndiyo itakayochagua prosesa. Kama ni Pac-Man ya 1980, Donkey Kong, Street Fighter II na Metal Slug, hata kompyuta ya zamani yenye Core 2 Duo itakutosha. Prosesa ya Pac-Man yenyewe ilikuwa Z80 ya megahezi 3 hivi! Mambo yanabadilika ukifika gemu za katikati ya miaka ya tisini. Killer Instinct ya 1994 ilikuwa na prosesa ya MIPS ya megahezi 100, na Tekken 3 ilijengwa juu ya mashine iliyotokana na PlayStation. Hapo unahitaji kiini chenye nguvu hasa.

Kuna nyingine nzito zaidi, kama San Francisco Rush ya 1996, ambayo ilitumia chipu za picha za Voodoo. MAME haiipi kadi yako ya picha kazi ya kuiga chipu hizo. Inazichora kwa prosesa. Kwa haki nikwambie kwamba hapa viini vya ziada husaidia, kwa sababu uchoraji huo unaweza kugawanywa. Lakini vinne vyenye nguvu bado ninavipenda kuliko vinane dhaifu. Na gemu za Naomi, mashine ya kampuni ya Sega, usizihangaikie ndani ya MAME. Tumia Flycast, programu nyingine ya kuiga, ambayo inaitumia kadi ya picha na ni nyepesi zaidi.

Ushauri wangu, kwa bajeti uliyonitajia: tafuta kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1, yenye prosesa ya Intel Core i5-4590. Ina viini vinne, gigahezi 3.3, na inapanda hadi 3.7 kazi ikizidi. Unapata kasha, kifaa chake cha umeme, madabodi (ubao mkuu unaobeba prosesa) na RAM (kumbukumbu ya kazi) kwa pamoja, badala ya kununua prosesa kisha uanze kuhangaikia vilivyobaki. RAM ya gigabaiti 8 inatosha. Baadaye mfuko ukiruhusu, madabodi ya aina hiyo inakubali Core i7-4790. Na kama utapata fedha zaidi tangu mwanzo, basi ruka moja kwa moja hadi Core i3-12100 ya mwaka 2022. Watu huidharau kwa sababu ya hilo jina la i3, lakini kiini chake kimoja kinaiacha mbali i5 ya zamani.

Angalia sana herufi ya mwisho. Vile vikompyuta vidogo vya kupendeza mara nyingi huwa na i5-4590T. Hiyo T maana yake imepunguzwa ili ile umeme kidogo: inaanzia gigahezi 2.0 na haivuki 3.0. Kwa kuandika barua ni nzuri. Kwa Killer Instinct, hapana.

Kadi ya picha usinunue. Iliyomo ndani ya prosesa inatosha, isipokuwa ukitaka vile vichujio vya kuiga mistari ya kioo cha televisheni za zamani, na hivyo unaweza kuvifikiria mwakani.

Ukienda dukani, beba flashi yenye MAME na gemu moja nzito katika orodha yako, kisha uombe uandike: mame -bench 90 kinst. Itaendesha sekunde 90 za Killer Instinct bila picha wala sauti, kisha itakupa kasi kwa asilimia ya kasi ya mashine halisi. Ikikupa 100 tu, usikubali, maana picha na sauti bado hazijaingia. Mimi ningetaka 150 kwenda juu. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka la pili.

Jambo moja la Tanga: joto. Prosesa ikichemka hujipunguza kasi yenyewe, na wewe unaifungia ndani ya sanduku la mbao. Mwambie seremala atoboe matundu chini na juu nyuma, uweke feni ya kutoa hewa, na hizi kompyuta zilizotumika zisafishwe vumbi, wapake upya ile dawa kati ya prosesa na chuma chake cha kupoozea kabla hujaifunga.

Prosesa hizo za kizazi cha nne, yaani i5-4590 na i7-4790, hazimo katika orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025. Weka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, MAME inafanya kazi vizuri kabisa humo. Na mashine hii iwe ya nyumbani tu. Gemu zenyewe bado ni mali ya kampuni, usije ukaanza kutoza watoto wa mtaa.

Nitumie hiyo orodha ukishaiandika. Jumamosi nitapita Kariakoo niulizie bei ya 9020, na nikiipata nzuri nitaijaribu mwenyewe kabla sijakupigia.

Wako daima,
Idrisa