Kabla hujakanusha jambo kwa niaba ya msanii

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia kwamba unafungua wakala wako wa mahusiano ya umma kwa ajili ya wasanii. Mambo ya ofisi na wafanyakazi utayajua mwenyewe. Mimi nataka tuzungumze juu ya uongo, kwa sababu utaombwa kuusema mapema kuliko unavyodhani.

Najua uongo umekuwamo katika kazi hii tangu zamani. Mwaka 1910, huko Marekani, mtayarishaji wa filamu Carl Laemmle alichapisha tangazo la kukanusha uvumi kwamba mwigizaji wake, Florence Lawrence, alikuwa amekufa, uvumi ambao wengi wanaamini aliueneza yeye mwenyewe ili jina la mwigizaji huyo livume. Alifanikiwa, sikatai. Lakini yeye aliuza filamu, ilhali wewe utakuwa ukipeleka neno lako kwa wahariri wale wale kila wiki, na mhariri uliyemdanganya leo kwa ajili ya msanii mmoja ndiye utakayemhitaji kesho kwa ajili ya mwingine.

Yalinikuta. Mwimbaji mmoja aliniapia kwamba hakuwamo katika gari lililogonga ukuta, nami nikaandika kanusho la sentensi tatu usiku ule ule, bila hata kumuuliza dereva wake. Kulipokucha, picha zilikuwa zimeenea kila mahali. Mwandishi aliyechapisha taarifa yangu kwa kuniamini hakunigombeza. Aliacha tu kupokea simu zangu, na kwa miaka miwili wasanii wangu wengine, ambao hawakuwa na kosa lolote, hawakupata nafasi katika gazeti lake. Hilo la wasanii wengine linaniuma hadi leo.

Ikizuka kashfa, zungumza na msanii peke yake, kwani mbele ya meneja wake atakuficha mengi, na umsihi asiandike lolote mtandaoni kwanza. Muulize kilichotokea, nani alikuwepo, na nani ana picha. Ikiwa bado hujapata ukweli, mwambie mhariri kwamba unathibitisha na kwamba utampigia saa fulani, kisha umpigie saa hiyo hiyo hata kama huna jipya. Na jambo lisilopaswa kusemwa, kama vile maradhi ya mtu, sema wazi kwamba hutalizungumzia.

Kuhusu malipo, toza ada ya kila mwezi, wala usikubali kulipwa kwa kila habari inayotoka, maana ukiwa na shida ya fedha utajikuta unatunga habari.

Katika mkataba weka kifungu kinachokuruhusu kujiondoa mara moja iwapo mteja atakupa maelezo ya uongo. Nitumie rasimu kabla hujamkabidhi mteja wako wa kwanza, nikisome kifungu hicho kwa macho yangu.

Ni mimi mama yako akupendaye.